Joka Lipi? Neno Moja na Historia Zake Tatu

Wapenzi wa lugha, naomba nianze kwa kukiri kosa. Miaka mingi iliyopita, nikifundisha Kiswahili katika sekondari moja hapa Njombe, mwanafunzi aliandika katika insha yake kwamba Vita vya Maji Maji vilitanguliwa na joka lililowapa watu tumaini. Nilipitisha kalamu nyekundu, nikaandika pembeni: "Joka ni uovu." Nimekwisha kustaafu, lakini wino ule bado unanisuta.

Tulitazame neno lenyewe. Nyoka akikuzwa huwa joka, kama vile nyumba ikikuzwa huwa jumba. Ukubwa huo humbadilishia hata upatanisho: nyoka amelala, lakini joka limelala. Sarufi yatueleza kuwa kiumbe kimekuwa kikubwa na cha kutisha. Haituelezi kama ni chema au kiovu.

Uovu, basi, umetoka wapi? Kwa wengi wetu huku nyanda za juu, umetoka kanisani. Wafasiri wa Biblia walipofika sura ya 12 ya Ufunuo, walimwita adui wa mbinguni "joka". Chaguo hilo silipingi. Linakubaliana na sanaa ya Ulaya, ambamo Mtakatifu George, akiwa juu ya farasi, hulichoma joka kwa mkuki. Hilo ndilo joka lililoishika kalamu yangu.

Sasa twende Makambako, penye stesheni ya TAZARA. Reli ile ilijengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, ikakabidhiwa rasmi Julai 1976, mwaka ambao kwa kalenda ya Kichina ni mwaka wa joka. Kwao joka ni mtawala wa mvua na mito, ni nembo ya wafalme, na mtoto aliyezaliwa katika mwaka wake huhesabiwa kuwa na bahati. Wachina waliolaza mataruma pale wangeshangaa kusoma sahihisho langu.

Joka la tatu ni la kwetu. Katika simulizi zilizokusanywa miaka ya 1960, wazee wa upande wa Ngarambe walieleza kuwa mwishoni mwa 1904 lilitokea joka lenye kichwa mfano wa tumbili mweusi, macho mekundu yenye kung'aa, na rangi za upinde wa mvua. Baada ya hapo Kinjikitile Ngwale alipandwa na pepo Hongo, akazama mtoni, na alipoibuka alikuwa mkavu. Ndipo akaanza kugawa maji. Vita vikalipuka Umatumbi Julai 1905. Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Mohoro tarehe 4 Agosti, lakini maji yalikwisha kusafiri. Septemba mwaka huohuo misheni ya Yakobi, hapa karibu na Njombe, ikashambuliwa.

Maji hayakuzuia risasi. Makumi ya maelfu walikufa kwa vita na kwa njaa iliyofuata, na Ubena haukusalimika. Kwa hiyo siliiti joka la Ngarambe jema. Lakini waliolisimulia hawakulisimulia kama shetani. Kwao lilikuwa ishara iliyotangulia maji, na maji yaliwaunganisha watu waliokuwa hawajapata kupigana upande mmoja. Ebrahim Hussein alipoandika tamthiliya yake *Kinjeketile*, iliyochapishwa 1969, alilipima tumaini hilo pamoja na gharama yake. Mimi, mwalimu, nililifuta kwa mstari mmoja.

Washairi wenzangu, mnapoliweka joka katika ubeti, jiulizeni ni lipi: la mkuki, la mvua, au la Ngarambe. Msipochagua, msomaji atachukua lile la kwanza alilofundishwa, na yale mengine mawili yatafia kinywani mwetu.

Nawe mwanafunzi wangu, popote ulipo, ulikuwa sahihi. Alama zako nazirudisha.