Mti Haupandi Ndege

Watu wakizungumzia utandawazi huanza na kompyuta. Kwetu Maua mimi ningeanza na pikapu: Toyota Hilux iliyojaa miraa hadi juu, dereva akiikimbiza karibu kilomita 300 hadi Nairobi kabla ndege haijaondoka.

Haraka hiyo ina sababu. Kathinoni, kile kinachomkesha mlaji, huanza kupungua mara tu tawi linapokatwa. Ndiyo maana vitita hufungwa kwa majani ya migomba. Siku mbili tatu zikipita, unauza vijiti. Kwa hiyo zamani miraa ilikuwa ya watu wa karibu tu: wazee wa Igembe na Tigania, posa, vikao. Gari likaipeleka mbali zaidi. Ndege ikaifikisha London.

Vita vya Somalia miaka ya 1990 viliwasukuma watu wengi Ulaya, na hamu yao ikasafiri nao. Huku nyumbani bei ya kahawa ilikuwa imeporomoka tangu 1989, mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipovunjika (makao ya shirika lake yako London, usicheke). Wakulima wengi wakaitupa kahawa. Kufikia 2012 Uingereza ilikuwa ikiingiza takriban tani 2,560 za miraa kwa mwaka, zenye thamani ya pauni milioni 13.8.

Kabla sijaacha chuo nilikutana na ile grafu ya Branko Milanovic, inayofanana na tembo. Inaonyesha nani alipata nini duniani kati ya 1988 na 2008. Mgongoni wamo watu wa kati wa Asia, mapato yamepanda. Bondeni ni wafanyakazi wa kawaida wa nchi tajiri, Ulaya ikiwemo, ambao karibu hawakusonga. Ncha ya mkonga ni matajiri wa dunia. Nikaanza kuitafuta Maua humo.

Sikuiona, lakini tuna katembo ketu. Kuna mwenye mti, kijana anayeupanda kuchuma, mfungaji, ajenti, mwenye pikapu, msafirishaji, na mwagizaji wa London. Mahindi unaweza kuyaweka gunia ukingoje bei. Miraa haingoji mtu, so aliyeshika usafiri ndiye aliyepanga bei. Simu zilipoenea, na M-Pesa ikaja 2007, ilisemekana mkulima sasa atajua bei na hataibiwa. Bei aliijua, sawa. Lakini ujue bei saa nne asubuhi na mzigo wako unakufa kesho kutwa, utamwambia ajenti nini?

Upande wa pili wa safari hali haikuwa nzuri pia. Kwenye mafrishi za London, kitita kikiuzwa kama pauni 3, walikaa wanaume wengi wa Kisomali wasio na kazi. Baadhi ya wanawake wa jamii hiyo ndio waliopigania marufuku, na siwezi kuwalaumu. Wataalamu wa serikali walisema mapema 2013 kwamba ushahidi wa kuipiga marufuku hautoshi. Theresa May, waziri wa mambo ya ndani, akaipiga marufuku tu, kuanzia tarehe 24 Juni 2014. Uholanzi ilikuwa imetangulia Januari 2013.

Mwenye pikapu anaweza kubeba viazi. Msafirishaji anaweza kuhamia maua ya waridi. Mwenye shamba amebaki na mti uliochukua miaka kukua, na wengine wana mbaine, miti waliyoachiwa na mababu. Huwezi kuugeuza kuwa kahawa msimu ujao.

Soko lililobaki la maana lilikuwa Somalia, kupitia Wilson. Machi 2020 likafungwa kwa sababu ya korona, kisha siasa za nchi hizi mbili zikaliweka limefungwa hadi Julai 2022. Ni zaidi ya miaka miwili ya karo na deni la duka. Hapo ndipo ule mtindo wa zamani wa kukodisha miti ulipouma: asiye na akiba humkodishia mwenye nazo, kwa bei ya siku mbaya. Ndege zilipoanza tena kuruka kwenda Mogadishu, mti ulikuwa bado uko kwenye shamba la babake mtu, lakini si kila mwenye shamba alikuwa mwenye mavuno.