Clarence Gaines, Mwalimu wa Mpira wa Kikapu

Mwaka wa 1946 Clarence Gaines alikuwa kocha mkuu wa mpira wa kikapu katika chuo cha watu weusi mjini Winston-Salem, Marekani. Kwa ukubwa wa mwili wake aliitwa Nyumba Kubwa. Siku zile vijana weusi wa jimbo hilo walizuiwa kusoma katika vyuo vya weupe; hivyo wachezaji hodari walimjia yeye. Mwaka 1967, akiwa na Earl Monroe, mfungaji asiyezuilika, chuo chake kilikuwa cha kwanza cha watu weusi kutwaa ubingwa wa NCAA, katika daraja la vyuo vidogo. Lakini haki ilipopatikana, vyuo vikubwa vikaanza kuwachukua vijana wa namna hiyo. Gaines hakuhama. Alistaafu palepale mwaka 1993, ameshinda michezo 828.