Hesabu ya Jioni na Siku Kumi na Nne: Afya ya Wahudumu wa Usafiri wa Thika na Ruiru Wakati wa Janga la Korona

Kanuni za kudhibiti ugonjwa wa KOVIDI-19 zilizotolewa nchini Kenya kuanzia Machi 2020 ziliitazama matatu kama mahali ambapo abiria huweza kuambukizwa, zikasahau kuwa humo humo ndimo dereva na kondakta wanamoshinda kutwa nzima wakitafuta riziki. Abiria alikaa garini kwa safari moja. Kondakta alipokea noti na sarafu za kila aliyepanda, akapumua hewa ya kila kundi lililoshuka, kisha akarudi steji kujaza gari upya. Makala hii inadai kwamba afya ya mhudumu wa usafiri wakati wa janga huamuliwa kwanza na namna anavyolipwa, na kwamba barakoa na sabuni, kwa umuhimu wake wote, hufuata baadaye.

Kiandutu, mtaa wa mabanda ulio kando ya barabara ya Garissa mjini Thika, unafaa kuwa kipimo cha dai hilo. Humo huishi makondakta, waendeshaji wa bodaboda, wasukuma mikokoteni na wapakiaji wa mizigo ambao riziki yao hutegemea viwanda vya Thika na barabara kuu inayopitia Ruiru kuelekea Nairobi. Mtu anayelala na jamaa zake katika chumba kimoja cha mabati, akitumia choo cha shimo pamoja na majirani na kununua maji kwa mtungi, hawezi kujitenga nyumbani kama miongozo ya Wizara ya Afya ilivyotaka, hata awe na nia njema kiasi gani. Aidha, siku asipotoka, jioni hapati chochote.

Katika matatu nyingi dereva na kondakta hawana mshahara. Jioni humkabidhi mwenye gari kiasi cha fedha kilichokubaliwa, ambacho huitwa hesabu, na wakishalipa mafuta na ada za steji hugawana kinachobaki. Anayeugua humwachia gari skwodi, yaani mhudumu wa akiba anayelipwa kwa siku, na huenda akipona asilipate tena. Tarehe 20 Machi 2020 serikali iliamuru matatu ya viti 14 ibebe abiria wasiozidi wanane, ya viti 25 ibebe 15, na magari makubwa zaidi yasipite asilimia 60 ya viti vyake. Kwa gari dogo amri hiyo iliondoa takriban asilimia 43 ya viti vinavyolipiwa, na wiki moja baadaye kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri ikafuta safari za jioni ambazo aghalabu ndizo zenye faida. Nauli zilipandishwa, hivyo abiria akabeba sehemu ya pengo hilo, lakini hakuna kanuni iliyomtaka mwenye gari apunguze hesabu. Hasara iliyosalia ilimwangukia mhudumu, naye alikuwa na njia chache za kuifidia: kuongeza safari, kupakia abiria wa ziada pasipo na askari, au kwenda kazini akiwa na homa. Kumlaumu kondakta kwa kukosa nidhamu, kama ilivyozoeleka siku hizo, ni kuyapa kisogo mahesabu yenyewe.

Wenye magari wana jibu linalostahili kusikilizwa: wengi wao hununua magari kwa mkopo, na benki hudai bila kujali idadi ya abiria. Hata hivyo, tarehe 18 Machi 2020 Benki Kuu ya Kenya ilikwisha kutangaza utaratibu wa kuwawezesha wakopaji walioathiriwa na janga kuzungumza na benki zao ili mikopo iahirishwe au ipangwe upya. Nafuu hiyo iliishia kwa mkopaji; haikufungamanishwa na sharti kwamba naye amwachie nafuu anayemletea fedha za kulipia mkopo huo.

Mpaka wa Chania ulifichua upande wa mizigo. Amri ya tarehe 6 Aprili 2020, iliyofunga eneo la jiji la Nairobi na viunga vyake hadi mapema Julai, ilifika kwenye daraja la mto Chania mjini Thika, hivyo Kiandutu na Ruiru zikabaki ndani. Malori ya chakula na bidhaa yaliruhusiwa kupita yakiwa na wahudumu wachache kadiri iwezekanavyo, walioidhinishwa kwa maandishi. Sharti hilo lilimtambua dereva na pengine utingo wake, lakini mpakiaji anayeokotwa langoni asubuhi hakuwa na pa kuandikwa. Alibaki kupakia lori moja baada ya jingine, akikutana na madereva waliotoka pande mbalimbali, bila jina lake kuwa katika orodha yoyote ambayo ingemfikishia kipimo au barakoa. Dereva wa masafa marefu angalau alionekana, ingawa kuonekana kwenyewe kulimgharimu: huko Malaba na Busia alisubiri majibu ya vipimo katika foleni za kilomita nyingi, na Mei 2020 Uganda ikaacha kuwahesabu madereva wa kigeni katika idadi ya wagonjwa wake.

Kinachoshangaza ni kwamba sheria ya kumlinda mhudumu huyu ilikuwapo. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mfanyakazi, baada ya miezi miwili mfululizo kazini, likizo ya ugonjwa isiyopungua siku saba kwa malipo kamili na siku saba nyingine kwa nusu malipo kila mwaka. Jumla ni siku 14, idadi ile ile iliyotakiwa kwa karantini. Nazo kanuni zilizoanza kutumika Februari 2004 chini ya waziri John Michuki zilimtaka mwenye matatu aajiri wahudumu wake kwa kudumu, agizo ambalo halikupata mizizi kama mikanda na vidhibiti mwendo. Wala kinga iliyotumika kwingine haimfai mhudumu huyu: jijini London, ambako madereva kadhaa wa mabasi walikufa kwa korona, kuanzia tarehe 20 Aprili 2020 abiria walielekezwa kupandia mlango wa kati ili wasimkaribie dereva. Kondakta wa Thika hawezi kutengwa hivyo, kwa kuwa kazi yake ni kusimama mlangoni.

Kwa kuwa ajira ya kudumu imeshindikana kwa miaka mingi, hatua iliyo karibu zaidi ni kuvitumia vyama vya akiba na mikopo, maarufu kama Sacco, ambavyo tayari hukusanya ada za kila siku. Sehemu ya ada hizo ingewekwa katika mfuko wa kumlipa mhudumu anayeugua kwa siku zile 14, skwodi akiwemo, na orodha ya wachangiaji ingetumiwa kuwafikishia chanjo, ambayo mwanzoni mwa 2021 ilianza na wahudumu wa afya, walimu na walinda usalama. Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Usafiri inaweza kuufanya mfuko huo kuwa sharti la leseni, pamoja na kifungu kinachosema kwamba serikali ikipunguza viti, hesabu itashuka kwa kadiri hiyo hiyo tangu siku amri inapoanza kutumika.