Nishani na Jina la Ukingoni

Neno nishani asili yake ni Kiajemi, na maana yake ya awali ni alama. Katika miaka ninayokusanya nishani za vita vya kikoloni, swali langu la kwanza si bei wala uzuri, bali ni hili: hii ni alama ya nini, na ya nani?

Tuitazame nishani ambayo Waingereza waliitoa kwa vita vyao vya Afrika kuanzia mwaka 1902 hadi 1956. Ni duara la fedha lenye utepe wa manjano, kingo zake nyeusi, na mistari miwili myembamba ya kijani. Upande mmoja una kichwa cha mtawala. Upande wa pili, mwanamke anayewakilisha Uingereza amesimama na simba, jua likichomoza, na chini pana neno moja: AFRICA. Kwenye utepe hubandikwa kipande chembamba chenye jina la vita.

Kipande kimoja kimeandikwa “Nandi 1905-06”. Katika vita hivyo Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa Oktoba 1905 alipokwenda kuonana kwa suluhu na Richard Meinertzhagen, afisa wa Keya. Kipande cha mwisho kimeandikwa “Kenya”, kwa vita dhidi ya Mau Mau. Waliozivaa nishani hizo hawakuwa Wazungu peke yao. Askari wa Keya walizivaa pia: wana wa Afrika waliotumwa kupigana na wana wa Afrika.

Ndiyo maana wapo wanaosema vitu hivi vingefaa kuyeyushwa. Mimi siafiki. Ukingoni mwa nishani hupigwa namba, cheo, jina na kikosi cha aliyepewa. Majina mengine yameandikwa kama sikio la karani mgeni lilivyoyapokea, lakini ni majina. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, inatuonyesha askari asiye na jina. Nishani inaye mwenyewe. Fedha ikiyeyushwa, dola iliyoitoa haipungukiwi na kitu. Anayepotea ni mwenye jina, na pamoja naye ushahidi wa jambo alilotumwa kulitenda.

Basi nawe mwenye nishani ya babu sandukuni, usiusugue ukingo wake upate kung’aa. Usome kwanza. Uliza jina, uliza vita, kisha uandike.