Samaki Wageni wa Mlima Kenya

Mhariri ameniomba niandike habari za samaki wa mlima wetu. Nimekubali kwa furaha, maana wengi tuliosoma chini ya Mlima Kenya tuliondoka shuleni tukiamini kwamba trauti ni mwenyeji huko juu. La hasha! Barani Afrika trauti wa asili wako katika Milima ya Atlas tu, kule Moroko na Aljeria. Hawa wetu waliletwa.

Mwaka 1905 Ewart Grogan aliagiza trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskochi, wakatiwa katika mto Gura, Nyandarua. Mwaka 1910 wakafuata trauti wa upinde wa mvua kutoka Afrika Kusini. Mayai ya samaki huyu hayavumilii joto. Basi fikirini safari ya meli, garimoshi, kisha mabega ya wapagazi. Vitabu humtaja Grogan. Wapagazi hawatajwi.

Wazee wetu Wakikuyu kwa mila hawakula samaki, na kuvua trauti kulikuwa starehe ya walowezi wenye leseni. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya ikafanywa eneo la marufuku mwaka uliofuata. Wenzetu wengine walipoteza baba katika misitu hiyo hiyo, kando ya mito hiyo hiyo. Ndiyo maana sipendi historia ya trauti isimuliwe kana kwamba ni hadithi ya mapumziko tu.

Kituo cha Kiganjo kilijengwa mwaka 1948 ili kutotoa vifaranga. Vifaranga wa upinde wa mvua wametiwa pia katika maziwa ya juu, kama Rutundu, lililo kwenye kimo cha mita 3,100 hivi, na Alice lililo juu zaidi.

Sasa, ndugu zangu wavuvi, mnalalamika kuwa samaki wa ziwani ni wadogo. Msililaumu ziwa. Trauti hukua vizuri maji yakiwa na nyuzi 13 hadi 17 za Selsiasi. Kule juu maji ni baridi zaidi, na wadudu wa kuliwa si wengi. Vifaranga wakitiwa wengi kupita kiasi, wote hudumaa. Ukimtoa mwenye kichwa kikubwa na mwili mwembamba, ujue chakula hakitoshi. Wakitiwa wachache, hunenepa. Tena trauti hutaga kwenye changarawe ya maji yanayotiririka; ziwa lisilo na kijito cha namna hiyo litaisha samaki lisipotiwa wengine.

Kuhusu wakati wa kuvua: alfajiri na jioni, upepo mwepesi ukikunja maji. Mchana jua likiwaka samaki hushuka kilindini. Mvua za Machi hadi Mei huchafua mito, trauti asikione chambo cha manyoya. Siku hizo afadhali kupanda ziwani, mradi uwe na koti zito na leseni mfukoni.