Kosa la kompaila lililogeuza nambari ndogo kuwa sifuri

Toleo la 13 la kompaila ya GCC, lililotolewa Aprili 2023, lilirekebisha kosa lililoripotiwa tangu mwaka 2012. Kwa zaidi ya miaka kumi, kosa hilo liliweza kubadili majibu ya hesabu za kisayansi bila mwenye hesabu kujua.

Kompaila ni programu inayogeuza maagizo yaliyoandikwa na binadamu kuwa lugha ya mashine. GCC, iliyoanzishwa na Richard Stallman na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1987, ni miongoni mwa kompaila zinazotumika zaidi duniani.

Nambari zilizo karibu na sifuri

Kompyuta huhifadhi nambari za desimali katika nafasi yenye kikomo. Kiwango cha kimataifa cha IEEE 754 cha mwaka 1985, ambacho William Kahan wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikuwa msanifu wake mkuu, kilitenga kundi la nambari ndogo mno zinazoshuka hatua kwa hatua hadi sifuri.

Kundi hilo hulinda kanuni moja muhimu: nambari mbili zisizolingana, moja ikitolewa kutoka kwa nyingine, jibu haliwi sifuri. Kanuni hiyo ikivunjika, mtafiti aliyehakikisha kwamba A si sawa na B anaweza kugawanya kwa tofauti yao, na bado akajikuta anagawanya kwa sifuri.

Chanzo cha kosa

Prosesa nyingi huchelewa zinapokutana na nambari hizo. Kwa hiyo GCC ina machaguo ya kuongeza kasi, kama -ffast-math na -Ofast, ambayo huiamuru prosesa izihesabu kuwa sifuri. Anayeyachagua hukubali kupunguza usahihi ili apate kasi.

Tatizo ni kwamba amri hiyo iliwekwa pia ndani ya maktaba za pamoja, yaani vipande vya programu vinavyopakiwa na programu nyingine. Maktaba ya namna hiyo ilipopakiwa, ilibadili mpangilio wa prosesa, na hesabu zilizofuata zikaathirika, hata zile zilizoandaliwa kwa uangalifu mkubwa. Aliyetaka kasi alikuwa mmoja, lakini gharama ililipwa na wote.

Mwaka 2022, mtafiti Brendan Dolan-Gavitt wa Chuo Kikuu cha New York alifuatilia onyo lililojitokeza katika hesabu za lugha ya Python. Miongoni mwa maktaba alizozibaini ni gevent, ambayo kazi yake ni mawasiliano ya mtandao, wala si hisabati.

Marekebisho na tahadhari

Kuanzia toleo la 13, GCC haiongezi tena amri hiyo inapotengeneza maktaba ya pamoja. Hata hivyo, maktaba zilizotengenezwa kwa matoleo ya zamani hubaki na kosa hadi zitengenezwe upya, na programu kamili iliyoandaliwa kwa machaguo hayo bado hupokea amri hiyo.

Kipimo chake ni rahisi. Nambari ndogo kabisa ya kawaida ya biti 64, ambayo ni takriban 2.2 mara 10 kwa kipeo cha hasi 308, igawanywe kwa 2. Jibu likiwa sifuri, mpangilio wa prosesa umebadilishwa, na matokeo yanayotegemea nambari ndogo kiasi hicho yanapaswa kukaguliwa upya kabla ya kuaminiwa.