Wazee Kabla ya Ukumbi: Maandalizi ya Maonyesho ya Kijamii Katika Historia ya Afrika Mashariki

Maonyesho ya kijamii, yaani maonyesho ambayo vitu vyake huchaguliwa, hutengenezwa na kuelezwa na wenyeji badala ya wataalamu wa serikali au wa chuo kikuu, yana historia ndefu kiasi katika Afrika Mashariki, ingawa historia hiyo haijapata waandishi wengi. Maandishi yaliyopo hueleza zaidi majengo, wakurugenzi na sherehe za ufunguzi, huku kazi iliyotangulia ufunguzi, ambayo kwa sehemu kubwa ilikuwa kazi ya mikono na kumbukumbu za wazee, ikipewa sentensi moja au mbili. Uzito huo umewekwa mahali pasipostahili, kwa kuwa katika vituo vitakavyojadiliwa hapa thamani ya maonyesho iliamuliwa wakati wa maandalizi, pale ilipojulikana kama mzee ameitwa kuwa fundi na mwamuzi au ameitwa kujibu maswali tu.

Makumbusho ya kwanza ya kanda hii yalifuata njia ya pili. Makumbusho ya Uganda yalianza Kampala mwaka 1908, yale ya Nairobi yalifunguliwa mwaka 1930 kwa jina la Gavana Coryndon, na yale ya Dar es Salaam mwaka 1940 kama kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano wa Uingereza. Katika taasisi za aina hiyo, kibandiko cha maelezo kilichowekwa chini ya kitu kwa kawaida kilitaja kabila, wilaya na pengine jina la ofisa au mmisionari aliyekipata, lakini jina la aliyekichonga, aliyekisuka au aliyekifinyanga halikuandikwa. Mzee aliyeulizwa matumizi ya kitu hicho aliitwa mtoa habari, na habari yake ilipokwisha kunakiliwa alirudi kwake. Ni kweli kwamba bila ukusanyaji huo vitu vingi vingekwisha kupotea, ila ni kweli vilevile kwamba kitu kilichohifadhiwa bila jina la fundi wake kimehifadhiwa nusu.

Mwelekeo huo ulianza kubadilika Kampala, na mabadiliko yalipitia muziki. Klaus Wachsmann, mtaalamu wa muziki mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa mhifadhi wa Makumbusho ya Uganda kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 hadi 1957, hakuridhika na ala zilizokaa kimya ndani ya makabati ya vioo, naye akaajiri wanamuziki wazipige mbele ya wageni. Mmoja wao alikuwa Evaristo Muyinda, mpigaji aliyekuwa na uhusiano na jumba la Kabaka, mfalme wa Buganda, na ambaye ndani ya makumbusho alikuwa mwonyeshaji na mwalimu kwa wakati mmoja. Faida ya mpango huo ilidhihirika baadaye kwa namna ambayo hakuna aliyeitarajia, kwani mwezi Mei 1966 jeshi la serikali ya Milton Obote lilishambulia jumba la Kabaka huko Mengo, mwaka uliofuata falme zote za Uganda zikafutwa, na vikundi vya wapigaji wa jumba la kifalme vikatawanyika. Kilichobaki cha muziki huo kilibaki ndani ya watu, na Muyinda aliendelea kuufundisha hadi uzeeni, Waganda kwa wageni, mpaka alipofariki mwaka 1993.

Mfano mzito zaidi, hata hivyo, uko upande wa kusini wa Ziwa Viktoria, juu ya kilima cha Bujora karibu na Kisesa, pembeni mwa barabara itokayo Mwanza kwenda Musoma. Katika miaka ya 1950, Padri David Clement, Mkanada wa Shirika la Wamisionari wa Afrika waliozoeleka kwa jina la Mapadri Weupe, alianza hapo parokia ambayo ilikuwa pia kituo cha utamaduni wa Wasukuma. Kanisa lake lilijengwa kwa kufuata umbo la nyumba ya mtemi, yaani mtawala wa jadi, na ngoma zikaingia ndani ya ibada katika kipindi ambacho Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa bado kuitishwa. Ni rahisi kuieleza Bujora kama kazi ya padri mmoja mwenye bidii, na maelezo mengi ya kitalii hufanya hivyo. Lakini mgeni, hata akijua lugha vizuri kiasi gani, hawezi kujua peke yake ngoma ipi ni ya enzi na ipi ni ya kuchezea, kitamba kipi cha ushanga ni cha ukoo gani, au kiti kipi hakikaliwi na mtu asiye wa damu ya kitemi. Ujuzi huo ulikuwa wa wazee.

Kilichoupa ujuzi huo uzito wa ghafla ni siasa. Usukuma ulikuwa umegawanyika katika himaya ndogo nyingi, kila moja ikiwa na mtemi wake na baraza la wakuu wa ukoo walioitwa banang'oma, ambao miongoni mwa kazi zao ilikuwa kumteua mtemi na kusimamia mambo ya enzi. Mwaka 1963 Tanganyika huru ilifuta mamlaka ya machifu nchini kote, na kwa hatua hiyo ngoma, viti, mikuki na mapambo yaliyokuwa alama za utawala yakabaki mikononi mwa familia bila ofisi ya kuyatumia. Baadhi ya vitu hivyo vilipelekwa Bujora, ambako vilitengewa jengo maalumu lililochorwa kwa umbo la kiti cha enzi. Uamuzi wa familia kutoa kitu cha namna hiyo hauwezi kulinganishwa na mchango wa kawaida, kwa kuwa wazee walikuwa wakiamua kama alama ya mamlaka inaweza kutazamwa na mtu yeyote mwenye kiingilio bila heshima yake kuvunjika. Kwa hiyo jengo hilo linafaa kusomwa kama orodha ya maamuzi ya koo mbalimbali, ambapo kitu kisichokuwepo nacho kina maana yake, maana si kila kilichokuwepo ikulu kilipaswa kuonekana.

Upande wa pili wa Bujora ni ule wa ngoma za mashindano, na hapa wazo la maonyesho lilikuwepo Usukumani kabla ya makumbusho yoyote. Tangu karne ya 19 wachezaji wa Kisukuma wamekuwa wakigawanyika katika vyama viwili vikuu, Bagika na Bagalu, ambavyo asili yake husimuliwa kuwa ni ushindani wa waganga wawili, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno, pande mbili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watazamaji wengi upande wake, jambo linalofanya kila kiongozi wa ngoma atafute mtindo mpya, vazi jipya, nyoka, nungunungu au sanamu ya kuchezeshwa itakayowahamisha watu. Maandalizi huchukua miezi, yakihusisha utunzi wa nyimbo, utengenezaji wa vifaa na dawa za mvuto, na katika hayo mtunzi mwenye umri mkubwa hana haja ya kucheza ili awe na nguvu, kwa sababu vijana huimba maneno yake na kusimama alikowapanga. Bujora ililipatia shindano hilo uwanja wa kudumu kupitia sherehe ya Bulabo, ambayo hufanyika karibu na sikukuu ya Ekaristi katika mwezi wa Juni, na pia banda la kuhifadhia vifaa vya vyama hivyo. Hapa kanisa, makumbusho na ushindani wa kienyeji vilikutana kwa namna ambayo mtu angetazamia ivunjike baada ya miaka michache, lakini haikuvunjika.

Dar es Salaam ilichukua njia nyingine. Makumbusho ya Kijiji, yaliyoanzishwa mwaka 1966 huko Kijitonyama kando ya barabara ya Bagamoyo, ni makumbusho ya wazi, maana yake ni kwamba kinachoonyeshwa ni nyumba zenyewe za makabila mbalimbali, zikiwemo tembe ya Kigogo yenye paa bapa la udongo na msonge wa Kihaya ulioezekwa nyasi kuanzia kileleni hadi chini. Nyumba za aina hiyo hazijengwi kwa ramani ya mhandisi, hivyo ililazimu kuwaleta mafundi wenye ujuzi kutoka mikoani. Wakati huohuo sera za taifa zilikuwa zikielekea kwenye vijiji vya ujamaa na nyumba bora za matofali na bati, kiasi kwamba fundi wa msonge alikuwa akiombwa na idara moja ya serikali kuionyesha kazi ambayo idara nyingine ilikuwa ikiwahimiza majirani zake waiache. Mgongano huo haukutatuliwa, na pengine haukuonekana wakati ule kuwa mgongano.

Nyumba ya udongo, fito na nyasi hufundisha jambo ambalo kabati la kioo haliwezi kulifundisha, nalo ni kwamba huliwa na mchwa, huvuja na huanguka, na kila inapoanguka panahitajika mtu anayejua kuisimamisha. Kituo cha aina hii hakiwezi kufunguliwa mara moja kikabaki hivyo, kwani kila baada ya miaka michache kinapaswa kuandaliwa upya, na mafundi wa kwanza wakishafariki bila warithi, ukarabati hugeuka kuwa kuigiza. Tangu mwaka 1994 makumbusho hayo yamekuwa na tamasha linalojulikana kama Siku ya Utamaduni wa Mtanzania, ambamo jamii iliyochaguliwa hupewa nafasi ya kuonyesha ngoma, vyakula, ufundi na desturi zake. Sehemu kubwa ya maandalizi hufanywa na wenyeji wa jamii hiyo wanaoishi jijini, na wao hulazimika kuwarudia wazee wa nyumbani kwa mambo ambayo maisha ya mjini yamewasahaulisha. Kwa wengi wa waandaaji hao, mikutano ya maandalizi huwa shule kubwa kuliko tamasha lenyewe, ambalo huisha kwa siku chache.

Mwaka huohuo wa 1994, nchini Kenya, kazi ya maonyesho ilipewa lengo ambalo halikuwa la urembo wala la utalii. Mapigano ya kikabila yaliyozuka katika Bonde la Ufa mwanzoni mwa miaka ya 1990, sambamba na kurejeshwa kwa vyama vingi, yalikuwa yameua na kuhamisha watu wengi. Sultan Somjee, aliyekuwa akiongoza idara ya ethnografia, yaani taaluma ya maisha na vifaa vya jamii, katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya, alianza kuuliza swali ambalo wakusanyaji waliomtangulia hawakulipa nafasi: wazee walitumia vitu gani kupatanisha watu? Kwa msaada wa Mennonite Central Committee, shirika la kanisa la Wamennonite, vijana walifundishwa kufanya utafiti katika jamii zao wenyewe, wakakaa na wazee na kuandika habari za miti ya mapatano, fimbo, shanga, mikanda na nyasi.

Majibu yalionyesha kwamba kitu kidogo sana kinaweza kubeba sheria nzima. Miongoni mwa Wapokoti na jirani zao wa jamii za Kikalenjin, mkanda uitwao leketyo, ambao mama huuvaa wakati wa ujauzito, una nguvu ya kusimamisha ugomvi mama anapouvua na kuuweka kati ya wanaopigana, kwa kuwa hakuna mwana anayethubutu kuruka mkanda uliomfunga tumboni. Miongoni mwa Wamaasai, nyasi mbichi zilizoshikwa mkononi ni ombi la amani. Kutokana na utafiti huo yakazaliwa makumbusho ya amani ya jamii, mengi yakiwa chumba kimoja au kibanda kilichojengwa kienyeji, yenye vitu vichache na bila ulinzi wa maana. Mtaalamu aliyezoea makumbusho ya Ulaya angeweza kuyadharau, lakini angekuwa amepima kwa kipimo kisichohusika, maana katika vibanda hivyo kitu ni kisingizio cha mazungumzo na mzee ndiye maonyesho.

Jaribio gumu kuliko yote lilifanyika Lari, katika Kiambu. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 wapiganaji wa Mau Mau, waliokuwa wakipinga utawala wa kikoloni, walishambulia huko maboma ya chifu mstaafu Luka Wakahangara na ya familia za walinzi wa upande wa serikali ya kikoloni, wakaua makumi ya watu, wengi wao wanawake na watoto, na kisasi cha askari na walinzi hao kikafuata mara moja kikiua wengine. Chini ya damu hiyo kulikuwa na ugomvi wa ardhi, kwani Luka na watu wake walikuwa wamehamishiwa Lari baada ya kukubali kuiacha ardhi ya Tigoni iliyotakiwa na walowezi. Kwa karibu nusu karne, waliosalimika wa pande zote mbili waliishi kama majirani bila kuzungumza hadharani juu ya usiku ule. Mwaka 2001 baadhi yao, wakiwemo waliokuwa Mau Mau na waliokuwa walinzi, wakiwa sasa wazee, walishirikiana kuanzisha makumbusho ya amani ya Lari, miaka miwili kabla serikali ya Kenya haijaondoa marufuku iliyokuwa ikiihesabu Mau Mau kuwa chama haramu.

Katika mazingira hayo kuandaa maonyesho maana yake ilikuwa kukubaliana kwanza. Kibandiko kimoja tu cha maelezo kililazimika kujibu nani aitwe mpiganaji, nani aitwe msaliti, na wafu wa nani watajwe, na hakuna mchoraji wala mhifadhi kutoka nje ambaye angeweza kuyajibu hayo kwa niaba ya waliozika ndugu zao. Hoja ya kwamba makumbusho madogo kama ya Lari yana mkusanyiko hafifu ni ya kweli, lakini haigusi kilichofanikiwa, yaani maadui wa zamani kukaa meza moja na kukubaliana maneno ya kuandikwa ukutani.

Udhaifu wa vituo hivi vyote uko wazi nao. Vinategemea fedha za wafadhili, au za taasisi zenye bajeti ndogo, na vinategemea watu ambao umri wao hauwasubiri. Sauti za wazee walioviandaa hazikurekodiwa zote, na malipo yao mara nyingi yalikuwa nauli na chakula, hali iliyohalalishwa kwa neno kujitolea ilhali mchapishaji wa mabango na mkodishaji wa mahema walilipwa kwa ankara. Kwa hiyo shule, parokia, halmashauri au kikundi cha wasanii kinachokusudia kuandaa maonyesho yatokanayo na kazi za wazee kiwaite wazee hao kabla ya kuchagua ukumbi, kiwaachie uamuzi wa kipi kionekane na kipi kibaki ndani, kiwalipe kama mafundi wengine wanavyolipwa, na kiandike majina yao kamili chini ya kazi zao.